Wasinziaji na Wanaoniita Kiazi

Jina la Kiazi mwalimu huyu hakupewa kwa sababu ya umbo lake, ingawa umbo lenyewe halikumsaidia kulikana. Alipewa kwa sababu ya miduara. Kwa miaka yote aliyofundisha hesabu hakuwahi, hata kwa bahati, kuchora duara lililo duara. Alianza vizuri, chaki inazunguka, mkono mwepesi, uso umejaa matumaini, halafu mahali fulani huko chini upande wa kulia mkono ukakumbuka shughuli nyingine. Kilichobaki ubaoni kilikuwa na kichwa, kalio na, siku zikiwa mbaya, chipukizi.

"Mwalimu, hicho tukipande au tukimenye?" aliuliza mtu mmoja kutoka nyuma, enzi darasa lake la sasa lilipokuwa bado changa, na tangu hapo jina likashika kama gundi.

Mwenyewe hakukasirika. Maisha yalishamchapa kwa fimbo nene kuliko hiyo. Alishawahi kuanguka na baiskeli akiwa amebeba karatasi za mtihani alizozisahihisha, mvua ikazisahihisha upya, na kwa masahihisho ya mvua darasa zima lilifaulu. Mtu aliyepitia hayo haumii kwa kuitwa mboga.

Jambo moja tu ndilo lililomuuma, na kwa hilo hakuwa na mzaha. Kila mara alipewa watoto wasiojua hata kugawanya, akawabeba, akawatoa tongotongo, na wakishaanza kung'aa, mwaka wa mtihani unapofika, darasa linapewa mwalimu mwingine. Alikuwa kama mpishi ambaye kila chungu kikiiva anaambiwa atoke jikoni. Safari hii, kwa maajabu, darasa la mtihani lilikuwa bado mikononi mwake. Alikuwa akilipitia kwa kunyata, asije akaonekana analo.

Akaonekana.

Mwalimu Mkuu alikuwa na sauti ya kuongea na watu walio ng'ambo ya mto, hata kama umekaa mbele ya meza yake.

"Mwalimu, mkaguzi anakuja Alhamisi."

"Karibu yake."

"Anakuja kukuona wewe."

"Hapo karibu yangu nairudisha kidogo."

Mkuu hakucheka. "Ataona somo la uwezekano, kwa michoro ya Veni. Lile swali ambalo watoto wetu huliruka kwenye mtihani kama wanaruka dimbwi. Somo likienda vizuri, darasa ni lako mpaka mtihani. Likiharibika, analichukua Mhandisi, na wewe utasimamia bustani na stoo ya majembe."

Mhandisi hakuwa mhandisi. Alikuwa mwalimu kijana wa hesabu aliyetembea na nyaya begani na projekta kwapani, na ambaye alichora duara kwa kubofya mara moja, likatoka duara kweli. Kiazi aliichukulia hiyo kama dharau binafsi.

"Nimekuelewa, Mkuu," alisema, akatoka ofisini akiwa amepiga moyo konde. Moyo wenyewe ulikuwa umeshuka tumboni, kwa hiyo alipopiga hakuupata.

Michoro ya Veni si jambo la kutisha. Unachora mstatili, na humo unawaweka watu wote unaowazungumzia. Ndani yake unachora miduara miwili iliyopandana. Kila duara lina watu wa sifa moja, na pale palipopandana wanakaa wenye sifa zote mbili. Ukishajua nani yuko wapi, uwezekano ni kuhesabu tu: wangapi unaowataka, kati ya wangapi waliopo. Hivyo ndivyo Kiazi alivyolieleza darasa siku moja kabla ya mkaguzi, akalieleza vizuri kabisa, halafu akafungua kitabu.

"Katika darasa fulani," alisoma, "wanafunzi kadhaa wanapenda machungwa, kadhaa wanapenda maembe, na kadhaa wanapenda..."

Paji la uso la mtu liligonga dawati. Lilikuwa la yule aliyeitwa Dereva, kijana wa nyuma aliyelala ameshika kingo za dawati kwa mikono miwili kana kwamba yuko kwenye usukani, na mwalimu akipandisha sauti alikuwa akikata kona bila kufumbua macho.

"Mwalimu, samahani," alisema binti wa dawati la mbele. Huyu walimwita Wakili, kwa sababu ukimwamkia atakuuliza una ushahidi gani kwamba kumekucha. "Haya machungwa na maembe tunayala tangu tukiwa wadogo. Hakuna mtu humu anayejali nani anapenda embe."

"Mnajali nini sasa?"

Sauti ikatoka nyuma: "Tukuhesabu wewe!"

"Mimi ni mmoja. Hesabu imekwisha, fungeni madaftari."

"Hapana," alisema Wakili, "tuhesabiwe sisi, ila kwa habari zako."

Mtu mwenye akili timamu angekataa. Kiazi alikuwa na udhaifu wake: alikubali kuchekwa mchana kutwa, mradi anayemcheka awe macho. Akachana karatasi vipande vipande, kila mwanafunzi akapata kimoja, bila jina, chenye maswali mawili. La kwanza: je, huwa unasinzia katika kipindi changu? La pili: je, huwa unaniita Kiazi? Weka vema kama ni ndiyo.

"Nataka ukweli mtupu," alionya. "Mkinihurumia, hesabu itaharibika."

Hawakumhurumia. Wakili alihesabu, akasimama, akatangaza kama anayesoma hukumu. Wanaosinzia, ishirini na wawili. Wanaomwita Kiazi, thelathini. Wanaofanya yote mawili, kumi na sita.

"Thelathini?" Kiazi alijishika kifua. "Hata wewe, Wakili?"

"Karatasi hazina majina, Mwalimu."

Akageukia ubao. Akachora mstatili, akachora viazi viwili vilivyopandana, juu ya cha kushoto akaandika *Wanaosinzia*, juu ya cha kulia *Wanaoniita Kiazi*. Ile thelathini ilikuwa bado inamvuma masikioni. Akaandika 22 tumboni mwa cha kushoto, 30 tumboni mwa cha kulia, katikati akapaacha peupe, akajumlisha.

"Kwa hiyo, jumla yetu humu ndani ni hamsini na wawili," alisema kwa uhakika wa mtu aliyesomea.

Wakili aligeuka nyuma, akapitisha kidole kichwa kwa kichwa. "Mwalimu, tuko arobaini."

"Una uhakika?"

"Labda wengine wako chini ya madawati."

Kiazi aliutazama ubao, na ubao ukamtazama. Lile lilikuwa ndilo kosa alilokuwa akiwapigia watu kelele tangu aanze kazi. Alishaligongea meza. Alishaliita kosa la wavivu, mbele ya wazazi. Sasa alikuwa amelitumbukia mwenyewe, mzima mzima, na viatu.

"Sawa," alisema, akipandisha sauti ili kufunika aibu. "Nina wanafunzi hewa kumi na wawili darasani mwangu! Nani ataniambia wametoka wapi?"

Dirishani, mtu aliyekuwa anapita alisimama ghafla. Alikuwa Mwalimu Mkuu, ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Mwalimu! Wanafunzi hewa kumi na wawili? Na mkaguzi yuko njiani?"

"Ni hewa wa ubaoni tu, Mkuu."

"Wafute!"

"Ndio tunatafuta namna ya kuwafuta."

Mkuu aliingiza kichwa dirishani, akasoma yaliyoandikwa ubaoni, kwanza kimyakimya, kisha kwa midomo. Uso ulimbadilika rangi. "Kesho," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini, "ni machungwa na maembe. Basi." Akaondoka.

Darasa lilikuwa macho, lote, hata Dereva. Kiazi aliona afadhali amalize alichoanza.

"Mtu anayesinzia na pia ananiita Kiazi, nimemhesabu mara ngapi?"

"Mara mbili!" wakaitikia. "Kwenye hiki na kwenye kile!"

"Na watu wa namna hiyo ni kumi na sita. Ndiyo maana tunaanzia wapi?"

"Katikati!"

Akafuta. Akaandika 16 katikati. Kushoto wakabaki sita, wanaosinzia tu kwa adabu. Kulia wakabaki kumi na wanne, wanaomwita Kiazi wakiwa macho, na hao ndio aliowaogopa zaidi.

"Ngoja," alisema Wakili. "Hewa walikuwa kumi na wawili. Waliorudiwa ni kumi na sita. Haziendi sawa. Wanne wengine wako wapi?"

Vichwa vikainama juu ya madaftari, na si kwa usingizi.

"Nje!" Dereva aliruka kutoka kwenye usukani. "Wako nje ya miduara! Ndani ya mstatili, lakini nje ya miduara. Hawasinzii na hawakuiti Kiazi!"

Sita, kumi na sita, kumi na wanne, wanne: arobaini. Kiazi aliandika ile 4 pembeni taratibu, akaitazama kama mtu aliyeona ndugu kwenye umati.

"Wanne," alisema. "Watu wanne wananisikiliza na kuniheshimu. Ni akina nani?"

"Karatasi hazina majina, Mwalimu."

"Labda hawakusikia swali," alisema Dereva.

Jioni ile mwalimu alirudi nyumbani na wazo moja: machungwa atayafundisha kama alivyoagizwa, lakini angalau kwenye duara lililo duara. Akaingia jikoni, akainua kifuniko kimoja cha sufuria, akainua na kingine.

"Baba watoto," alisema mkewe bila kugeuka, "hivyo vifuniko vinakwenda wapi?"

"Shuleni."

"Vina miaka mingapi mpaka vianze masomo?"

"Mama watoto, kesho nikichora vibaya nakwenda kulima."

"Basi chora vibaya. Bustani yetu inakusubiri mwaka wa pili huu." Lakini alipomwona usoni aliacha mzaha, akavifuta vile vifuniko kwa kitambaa, akamkabidhi. "Kimoja kiangalie. Kilianguka."

Asubuhi alipita mtaani na vifuniko kwapani. Kinyozi wa kwenye kona akamsimamisha. "Mwalimu, umeanza kuuza vyombo?"

"Sufuria nilishauza," alijibu Kiazi akiendelea kutembea. "Hii ni chenji."

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, na alikuwa ameamka kabla ya majogoo ili afike. Alisalimia kwa upole, akaenda kukaa nyuma kabisa, kwenye dawati moja na Dereva. Mlangoni, upande wa nje, alisimama Mwalimu Mkuu, na nyuma yake Mhandisi na nyaya zake, kama mrithi aliyewahi msibani.

Kiazi alibandika kifuniko cha kwanza ubaoni, akakizungushia chaki, akakitoa. Duara. Duara tupu, safi, halina kichwa wala kalio. Darasa lilishusha pumzi kwa mshangao, naye mwenyewe nusura asahau kuendelea. Akabandika cha pili, akazungusha kwa uaminifu, akatoa. Kilikuwa kile kilichoanguka. Chaki ilikuwa imefuata kila bonde.

"Sahani moja, na kiazi kimoja," alinong'ona mtu.

Akajifanya hakusikia, akaandika *Machungwa*, akaandika *Maembe*, akaanza. Alifundisha kama alivyoagizwa: hatua kwa hatua, sauti moja, hakuna mzaha. Hata yeye alijisikia akizidiwa na usingizi. Haukupita muda Dereva alishika usukani. Safu ya dirishani vichwa vikaanza kuitikia maswali ambayo hayajaulizwa. Kiazi akatupa jicho nyuma kabisa.

Mkaguzi alikuwa amesinzia. Kidevu kifuani, miwani imeteleza, kalamu imesimama katikati ya neno ambalo, kwa hakika, halikuwa la sifa.

Mwalimu alijiona bustanini. Alijiona ameinama juu ya tuta, akiwaeleza mabilinganya habari za miduara, na mabilinganya yanamdharau kwa sababu kwa uduara yanamzidi. Akalitazama darasa lake. Watoto hawa walikuja kwake wakidhani nusu ni kubwa kuliko robo tatu kwa sababu ya kutamkika kwa nguvu. Jana walikamata kosa lake kabla hajaliona mwenyewe. Na leo anawapoteza kwa ajili ya maembe ambayo hakuna anayeyataka.

Liwalo na liwe. Alifuta maneno mawili kwa kiganja. Juu ya sahani akaandika *Wanaosinzia*. Juu ya kiazi akaandika *Wanaoniita Kiazi*. Kisha akajaza namba za jana, akianzia katikati, akaizungushia miduara mstatili, na kwenye kona yake akaandika 40.

Kicheko kilianza mbele kikaenda nyuma kama maji yaliyomwagwa. Vichwa vikainuka. Dereva akakata kona, akafumbua macho. Mkaguzi naye akashtuka, akasema haraka, "Ndiyo, ndiyo, endelea, nakusikia," kama wasemavyo wote ambao walikuwa hawasikii.

Akavaa miwani, akasoma ubao. "Kiazi ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Kwa nini?"

Darasa zima liligeuza macho kwenye lile duara la kulia. Mkaguzi naye akaliangalia. "Aa," alisema.

"Mama mkaguzi," Mkuu alidakia kutoka mlangoni, "huu mfano haukuwa kwenye mpango wa..."

"Subiri kwanza, Mwalimu Mkuu." Aligeukia darasa. "Haya. Nikimshika mtu mmoja yeyote aliyekaa kwenye madawati haya, nimefumba macho, kuna uwezekano gani awe ni msinziaji, lakini hamwiti mwalimu jina hilo?"

Mikono ikapanda. Mkaguzi hakuiangalia. Akamgusa bega aliyekaa naye. "Wewe, mwanangu."

Kiazi alifumba macho. Kati ya watu arobaini, Dereva.

Dereva alisimama akijifuta mdomo. "Tunaanzia katikati, mama. Wanaosinzia wote ni ishirini na wawili. Unawatoa kumi na sita wa katikati, maana hao wanamwita. Wanabaki sita." Kiazi akafumbua jicho moja. "Sita kati ya..." Dereva akasita. Akamtazama mkaguzi, akatazama chini, akakunja uso kama anayehesabu kitu kinachouma. "Hapana. Ni saba. Saba kati ya arobaini na mmoja."

Mwalimu akalifumba lile jicho.

"Mbona ubao unasema sita, na jumla yake arobaini?" aliuliza mkaguzi.

"Ubao ni wa jana, mama. Umesema aliyekaa kwenye madawati. Leo tumeongezeka mmoja."

"Nani?"

Dereva alitafuta msaada kwenye dari. "Mimi nilipoamka, mama," alisema kwa sauti ndogo, "nilikuacha bado umelala."

Mlangoni nyaya za Mhandisi zilianguka. Hakuna aliyeziokota. Wakili akasimama hata bila kuitwa. Alikuwa haachi mteja njiani.

"Mama, tafadhali, hajakosea. Wewe umekaa kwenye dawati, kwa hiyo umo ndani ya mstatili. Na hujawahi kumwita Mwalimu Kiazi, kwa hiyo katikati hatuwezi kukuweka, tutakuwa tumekuonea. Unakaa hapa kushoto, na wasinziaji wenye adabu. Sita na mmoja, saba."

Mkaguzi alinyanyuka. Alitembea kutoka nyuma hadi mbele bila haraka, na Kiazi akampisha kama anayepisha jeneza lake mwenyewe. Mama yule akachukua dasta, akafuta 6, akaandika 7. Kwenye kona ya mstatili akafuta 40, akaandika 41. Akarudi hatua moja nyuma kuangalia.

"Mtoto yuko sahihi," alisema. "Nilisinzia. Ilianzia kwenye machungwa." Akageuka. "Haya machungwa nani aliyaleta?"

Mkuu aliinama kuangalia nyaya zilizokuwa sakafuni.

"Yako kwenye kitabu, mama," alisema Kiazi haraka. "Ni mimi niliyechelewa kuyafuta."

Mkaguzi alimwangalia, akamwangalia na Mkuu, akaachia hapo. Akaendelea kuuliza. Uwezekano wa kuwa nje ya miduara yote? Wanne kati ya arobaini na mmoja. Na tukijua tayari kwamba mtu huyu anasinzia, kuna uwezekano gani kwamba anamwita mwalimu Kiazi? Hapo walibishana, wakakosea, wakamzomea aliyekosea, wakakubaliana kwamba sasa mstatili umesahaulika na duara la kushoto ndilo limekuwa dunia nzima: kumi na sita kati ya ishirini na tatu. Kiazi alisimama pembeni ameshika vifuniko viwili vya sufuria kifuani.

Kipindi kilipokwisha mkaguzi alikusanya vitu vyake, akasimama mlangoni na Mkuu, na darasa zima likatega masikio.

"Nani atakayewafikisha hawa kwenye mtihani?"

Mhandisi alikuwa ameshainama kuokota nyaya. Mkuu alimtazama, kisha akamtazama Kiazi, aliyeyabeba machungwa yasiyo yake.

"Ni huyu, mama. Ni darasa lake."

"Vizuri. Lakini miduara yake ni aibu, na hicho kifuniko ni aibu zaidi. Mtafutieni bikari ya ubao." Akampa mwalimu mkono. "Asante sana, Mwalimu Kiazi."

Alikuwa hajapiga hata hatua ya pili Wakili alipopiga kelele. "Amemwita! Mwalimu, amemwita! Amehamia katikati!"

Darasa likalipuka. Huko nje, mama mkaguzi alisikika akicheka kwa sauti ambayo kwa cheo chake haikuwa ya kawaida. Kiazi akakimbilia ubaoni: kushoto akairudisha 6, katikati akaandika 17. Alijumlisha mara mbili, kwa sababu alijijua. Ikawa arobaini na mmoja.

"Haya, tulieni," alisema. "Darasa ni letu mpaka mtihani. Mimi na nyie. Tunaanza sasa hivi, swali la pili."

Alitegemea makofi. Alisubiri kidogo, ili kuyapa nafasi. Kule nyuma Dereva alikuwa ameshashika usukani, kidevu kifuani, anapanda mlima taratibu.

Wakili alinyoosha mkono ili amsukume. Mwalimu akamkataza kwa kidole. Kumwamsha kungeharibu hesabu.